Vitabu vya Wageni

Gari la wageni waliokuwa wanaondoka lilikuwa halijafika hata kwenye kona, na tayari direkta, mwalimu mkuu wa shule, alikuwa anapita safu kwa safu akikusanya vitabu. Watoto walikuwa wamegawiwa kwa ajili ya kupigwa foto tu. Mimi nilisimama nyuma ya darasa na wazazi wenzangu, mtoto wangu mdogo mgongoni. Binti yangu wa darasa la tatu alikuwa ameinamia kitabu chenye hadithi ya mamba, kidole chake kikifuata mistari. Hakusikia kuitwa. Direkta akakivuta mikononi mwake, akakipangusa kwa kitambaa, akakitia kabatini pamoja na vingine, akafunga kufuli.

Mtoto akanijia mbio. "Mama, sikumaliza! Ule mamba iko mbele ya mulango. Anaingia ao haingie?"

Hapo uvumilivu wangu ukaisha.

"Direkta, rudisha kile kitabu."

"Mama, tuliya. Hivi bitabu biko bya bageni."

"Bageni baliisha kwenda! Unaona mugeni hapa?"

Wanawake wakaangua kicheko. "Mama profesa anaanza tena!" akasema mmoja. Mwingine akanivuta kitenge: "Nyamaza, dada. Atalipiza kwa mutoto."

Direkta hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Vitabu ni zawadi. Kikichafuka hata kimoja, waliotoa watasema hatujui kutunza, na vingine hawataleta. "Miaka mbili, mama, hata ukurasa moja haiyapasuka." Alilisema kwa fahari.

Miaka miwili! Basi na mimi niseme fahari yangu.

Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, kambini Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia kuepuka vita. Siku ya kurudi kwetu Baraka, mji wa upande huu wa ziwa, tuliambiwa mizigo iwe michache. Baba yangu, mvuvi asiyejua kuandika hata jina lake, alitoa sufuria kubwa kwenye gunia akatia vitabu vyangu vitatu. Jirani akamcheka mbele ya watu: "Bengine banabeba sufuria, weye unabeba bikaratasi! Mutakula bikaratasi?"

"Huyu wangu anabikulaka," baba akajibu.

Na kweli nilivila. Kimoja kilikuwa cha nyimbo za kanisa. Cha pili kilikuwa cha hadithi, hakina jalada wala kurasa za mwisho. Mvua ilikilowesha siku tuliyofika, nikakianika ukurasa kwa ukurasa kando ya ndakala za mama, dagaa wale wa ziwani, na tangu siku hiyo kikanuka samaki. Nilikisoma mpaka nikakijua kwa kichwa. Mwisho haukuwapo, kwa hiyo nikautunga mwenyewe, tena si mmoja. Tulipokuwa tunatwanga mihogo wadogo zangu walinidai: "Yule binti wa hadithi, leo anaolewa ao anakufa?" Nilikuwa naamua kulingana na walivyonisaidia kutwanga.

Cha tatu kilikuwa cha afya ya wajawazito, kimepasuka katikati. Mimba yangu ya pili iliponivimbisha uso na kichwa kikaniuma siku mbili mfululizo, mama mkwe akasema ni chumvi, nipunguze. Mimi nilikuwa nimeshausoma ukurasa unaosema hizo ni dalili za hatari. Nikapanda pikipiki hadi hospitali ya Nundu. Daktari akaniuliza nani kaniambia nije haraka hivyo. Nikamwambia: nimesoma. Mtoto niliyembeba mgongoni siku ile ya wageni ndiye huyo.

Sasa mtu aniambie kitabu kinatunzwa kwa kutoguswa! Vyangu vimelowa, vimepasuka, vimenuka, na kimoja kimetuokoa watu wawili. Vyake ni visafi, na hakuna mtoto hata mmoja anayejua vinasema nini.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa katibu wa komite ya wazazi na karatasi yangu. Akaitazama kama nimemletea nyoka.

"Sema tu na mudomo, mama. Tutapanga na direkta."

"Mudomo haina muhuri. Piga hapa kama umepokea."

Akapiga. Nilikuwa nimeandika hivi:

*Kwa Komite ya Wazazi. Mimi, mama wa mwanafunzi wa darasa la tatu, nalalamika rasmi kuhusu kabati la vitabu linalofunguliwa wageni wanapokuja tu. Simshitaki direkta kwa wizi, hajaiba kitu. Nalalamika kwamba watoto wanapewa vitabu ili wapigwe foto, kisha wananyang'anywa kabla ya kusoma. Naomba kabati lifunguliwe kila siku ya masomo, na mtoto aruhusiwe kwenda na kitabu nyumbani. Kitakachopasuka niletewe mimi, nitakishona kwa uzi wangu. Najitolea pia kukaa penye kabati hilo kugawa vitabu siku mbili kila wiki. Naomba jibu kwa maandishi, kabla watoto wa darasa la sita, wanaomaliza mwaka huu, hawajaondoka shuleni bila kusoma hata kimoja.*