Firigisi Ukumbini

Nimeombwa nisitaje jina la mtu, na sitalitaja. Lakini mtu anajulikana kwa kazi yake na kwa alichokifanya, kwa hiyo nitawataja hivyo. Aliyechoma nyumba yetu Lumakanda ni mwenye mashine ya kusaga mahindi pale senta. Aliyempa petroli ni mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Aliyefunga geti la kanisa tusiingie ni mhubiri aliyembatiza mtoto wangu kwa mkono huo huo. Na mzee wa mtaa hakufanya kitu. Alienda kwa wakwe zake mchana kweupe, akalala huko, na huko kulala kwake nako nakuandika.

Wote hao ni watu wangu, wa lugha yangu. Mume wangu ndiye alikuwa wa kuja. Alinunua shamba dogo pale, akajenga, akanioa, na mwaka ule wa kura watu wakasema amepiga kura vibaya. Walimpigia katikati ya mahindi yake mwenyewe. Hakufa siku hiyo. Alikufa kwenye kambi ya waliofurushwa, kifua kikimkata, akiniomba maji moto nami sina hata kuni za kuyachemshia. Binti yetu alikuwa ndio anaanza kung'oka meno ya utoto.

Tangu hapo naishi Sigalagala, nawapikia wanafunzi wa chuo cha ufundi chapati na ndengu. Mashine ya yule mtu haikuguswa. Alitoka kwenye mashine akaingia kamati hii, akaingia ile, na leo ni mheshimiwa wa amani. Anaitwa kila mkutano aeleze vile watu wanapatana. Polisi waliandika maneno yangu wakanyamaza, nikachoka kuwafuata. Nilibaki na kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu angeninyang'anya: sili naye.

Kwetu, mtu akichoma boma lako au akimwaga damu yako, hamli pamoja mpaka alete kondoo. Anachinjwa watu wakiona, mnapakwa yale yaliyo tumboni mwake, na yule mtu anatamka kwa mdomo wake alichofanya. Ukila kutoka mkononi mwake kabla ya hapo, umesema hakuna neno, yameisha. Na anayekula naye, wewe huli na huyo pia. Nimeinuka kwenye matanga nikaacha chakula mezani kwa sababu yeye ameketi upande wa pili. Watu wakasema nina kiburi. Sawa, niwe nacho.

Binti yangu alipopata nafasi katika chuo kikuu hapa Kakamega mjini, nilimuuliza atasomea nini. Akasema sayansi ya siasa.

"Siasa ina sayansi?" nikamwambia. "Mimi niliiona ikiwa na petroli."

Alicheka, akasoma, akamaliza. Siku moja, kabla hajamaliza, alikuja na simu ya kurekodi, akataka niongee juu ya Lumakanda, ni ya masomo. Nilimwambia nimechoka, aulize wengine. Baadaye akapata kazi na shirika linalozunguka vijijini kuzungumza na vijana kabla ya kura. Nikamwona anaanza kunenepa kidogo, nikashukuru.

Halafu mwaka huu akanipigia simu. "Mama, idara yetu inatoa tuzo. Ni ya sisi tuliomaliza juzi juzi tukafanya kazi ya maana. Wazazi wamealikwa."

"Nije nivae nini?"

"Chochote, mama. Usikuje tu na aproni."

Jirani yangu anayeuza nyanya aliniazima kitenge na viatu. Viatu vilianza kunibana kabla sijafika steji ya matatu.

Ukumbi ulikuwa umepambwa, viti vimevikwa vitambaa vyeupe kama bibi harusi. Wazazi tulikalishwa mbele, kila mmoja na meza ndogo. Kando yangu alikaa mzee kutoka Musanda, mkata miwa, kijana wake naye alikuwa anatuzwa. Aliniuliza polepole kama huwa wanagawa soda kabla au baada.

Mkuu wa idara ni mtu mchangamfu. Si wa huku, lakini anapenda mila za huku kuliko sisi wenyewe. Alisimama akasema miaka iliyopita walikuwa wanampa kijana kile kioo cha tuzo chenye jina lake, wanampiga picha, basi, mzazi anarudi nyumbani vile alivyokuja. Mwaka huu ameona hapana. Amesikia kwamba hapa Magharibi firigisi ya kuku ni ya mwenye boma. Kwa hiyo mgeni wa heshima atamtilia kila mzazi firigisi, ile sisi tunaita imondo, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu wote. Wamama walipiga vigelegele. Hata mimi nilipiga. Mkuu wa idara alikuwa ameambiwa nusu tu ya mila. Hiyo nusu ingine ni kwamba sisi tunaangalia sana ni mkono wa nani.

Ndipo mgeni wa heshima akaingia kwa mlango wa pembeni, na alikuwa yeye.

Amenenepa. Amevaa koti la rangi ya udongo na kofia. Alipita akisalimia meza kwa meza, "Mulembe, mulembe," na aliponifikia hakusita. Alinipungia mkono kama mtu anayepungia umati. Nilimtafuta binti yangu kwa macho. Alikuwa jukwaani na wenzake, ananiangalia, hakushtuka. Hapo nikajua alijua.

Walianza kusoma sifa za kila mmoja. Ilipofika zamu ya mwanangu, wakasema ametuzwa kwa utafiti wake juu ya jinsi amani ilivyorudi Lugari, ndiko Lumakanda yetu, kazi ambayo sasa inatumiwa kufundishia vijana. Wakasema ndani yake hakuna jina la mtu hata mmoja, ndiyo sheria ya utafiti. Kuna mwenyeji wa kwanza, mwenyeji wa pili, na kiongozi wa jamii. Watu wakapiga makofi. Nikajiambia, basi huo moto ulijiwasha wenyewe.

Mgeni wa heshima alipopewa kipaza sauti, akacheka kwanza. "Nyinyi mnasema hakuna majina. Mimi leo navunja sheria. Yule kiongozi wa jamii mliyesomewa hapo, ndiye mimi!" Ukumbi ukalipuka. "Huyu mtoto alinijia na maswali, akanichosha siku nzima. Nikamwambia, we mtoto utakuwa wakili ama utakuwa polisi?" Wakacheka tena. Mwanangu akatazama kile kioo alichopewa.

Kisha sinia zikaletwa.

Alianza na mzee wa Musanda. Akachota firigisi, akainama, akamwekea. Mzee aliitia mdomoni kabla hata mpiga picha hajajiweka sawa, akaambiwa aitoe wapige picha. "Nitoe wapi, imeshaenda," akasema, na watu wakashika mbavu.

Kisha akanigeukia. Sinia mkononi, kijiko mkononi, mpiga picha amepiga goti. Alikuwa anajua vizuri kuliko mtu yeyote ukumbini mle. Yeye si mgeni wa mila hii kama mkuu wa idara. Akaiweka kwenye sahani yangu, akainama mpaka nikasikia manukato yake, akaniambia kwa lugha yetu, taratibu, ili maprofesa wasielewe, "Kula, dada. Tumalize."

Mikono yangu ilikuwa chini ya meza. Nilitaka kuinuka kama navyoinukaga kwenye matanga, lakini hii haikuwa matanga. Ilikuwa siku ya mwanangu, na wakubwa wake wote walikuwa wamenitolea macho. Mkuu wa idara alikuwa bado anatabasamu, lakini meno yameanza kumchoka.

"Mama ameona haya," mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti. "Mama, hii ni haki yako!"

Nikasikia viatu vya mtu akishuka jukwaani. Mwanangu alikuja, akasimama kando yangu, akachukua ile firigisi kwa vidole vyake kutoka sahani yangu, akaila. Aliitafuna mpaka ikaisha, ananiangalia mimi, hamwangalii yeye.

"Wasomi wa siku hizi!" mshereheshaji akapiga kelele. "Wamekula mpaka imondo ya mzazi!" Kicheko kikavuma, mpiga picha akapiga. Na yule mwenye mashine nikamwona anashusha mabega, kama mtu aliyetua gunia. Mtoto wa marehemu amekula mkononi mwake. Kwake hiyo ilitosha, pengine ilizidi.

Tulirudi Sigalagala jua likiwa bado juu ya mikaratusi. Nyumbani jirani alikuwa ametupikia ugali na kuku, obusuma na ingokho, akaweka sahani moja kubwa katikati, vile tunakulanga mimi na mwanangu siku zote. Akatunawisha mikono, akaenda kufunga nyanya zake.

Mwanangu akamega, akachovya. Akaona mimi simegi.

"Mama, kula."

Nilikunja mikono mapajani.

Akarudisha tonge kwenye sahani. "Nilikula ili wewe usile. Ungemkatalia, kesho ungekuwa kwenye simu ya kila mtu, mama mwenye chuki. Na ungekula, najua vile ungekaa."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa umekula mkononi mwake."

Halafu akasema, na sauti ikapanda, "Ni yeye peke yake alikubali kuongea! Nilikuomba wewe kwanza, ukasema umechoka."

"Nilikuwa nimechoka. Hata sasa. Alikuambia alichoma?"

"Alisema vijana walichoma."

"Na wewe ukaandika vijana."

"Nilijua, mama. Nilikuwa nimejificha kwenye mahindi na wewe, utaniambia nini? Lakini sikuwa na mtu wa kusema ni yeye."

Mvuke ulikuwa bado unatoka kwa obusuma. Kisha akasema atanunua kondoo, kesho, kuna soko.

"Kondoo si wako wa kununua," nikamwambia. "Ni wake. Aje naye mchana, pale palipokuwa nyumba, watu wakiwepo, aseme."

Akachukua simu, akampigia hapo hapo, akaweka sauti ya nje. Yule mtu akapokea kwa furaha. "Eh, mwanasayansi wetu! Mmefika?" Mwanangu akamweleza. Hakumtukana. Alimwambia kondoo, mahali, na yale anayopaswa kutamka. Upande wa pili nikasikia mlango wa gari unafungwa.

"Mama yako bado anaishi huko nyuma?" akasema. "Mwambie tumemaliza leo, mbele ya maprofesa. Na wewe mwenyewe si umekula, mukhana, binti yangu? Ama uliikula kwa nini?"

Simu ikakatwa.

"Hataleta," akasema.

"Hataleta."

"Mpaka lini sasa, mama?"

Niliinuka. Nikaleta sahani nyingine kutoka kwa rafu, nikagawa obusuma, nikamwekea paja na mchuzi mwingi, nikamsukumia. Aliitazama ile sahani muda, mtoto wangu, kama mtu aliyeletewa habari za mbali. Kisha akala. Mimi pia nikala, kila mtu na yake. Mchuzi ulikuwa mtamu. Jirani anajua kupika.