Hata Mimi Nikikuita

Mwaka ule, kila asubuhi, Geula alitoka barazani kabla ya kahawa akatazama juu. Mgeni angemwona angesema, huyu anasubiri mvua. Kumbe alikuwa akiiogopa. Akikuta buluu tupu, mabega yalimshuka. Akikuta wingu upande wa milima ya Lebanoni, hata liwe dogo kama leso ya mtoto, alirudi ndani kumtazama Shaked, bintiye wa miaka mitano, alivyolala amekumbatia mwanasesere asiye na kichwa.

Even Tirza ni kijiji cha matufaha na kuku, na mpaka uko karibu kiasi kwamba upepo ukigeuka unasikia jogoo wa upande wa pili. Mtoto wa hapo hujua kuhesabu hadi kumi na tano kabla hajajua rangi, maana tangu king'ora kilie mpaka roketi ifike, hesabu ni hiyo tu. Geula alizaliwa hapo hapo. Alipokuwa na miaka minane mama yake alimkwapua kitandani kama boga, akakimbia naye pekupeku juu ya vioo vilivyopasuka. Tangu siku ile mpaka anakufa, mama yule alilala na viatu miguuni. Geula ndiye aliyemvua mara ya mwisho.

Aliolewa na Asael, mtu wa matufaha, akakabidhiwa banda la kuku elfu tatu. Kazi ya mayai ilimfaa, maana yeye si mtu wa maneno mengi, na kuku wanataka mtu anayetembea polepole. Aliwajua. Alijua kwamba makombora ya kukinga roketi yakipasuka angani, kuku wote hujibana kona moja, na walio chini hufa kwa kukosa pumzi. Kesho yake waliobaki hutaga mayai yasiyo na ganda, laini kama tumbo la chura. Geula aliyaokota moja moja akayaweka kando, wala hakumwambia mtu jinsi yalivyomtia huruma.

Hata hivyo, ule mshindo watu waliupenda. Ulikuwa jibu. Unakaa ndani ya kibanda cha zege, mtoto kifuani, unasubiri, ukisikia *bumu!* juu, unajua limekwisha, unatoka kuzima jiko.

Mwanzoni mwa kiangazi ndipo jeshi lilipoleta Tochi. Ilikuwa na jina lake refu la kiserikali, lakini kijiji kiliiita Tochi, basi. Ilikaa juu ya kilima nyuma ya makaburi, sanduku kubwa jeupe lenye jicho moja linalozunguka. Wakaambiwa inatoa mwale wa moto usioonekana, inaichoma roketi ingali angani.

Siku ya kwanza king'ora kilipolia, Geula alikuwa nyumbani na mama mkwe wake, Zohara. Wakaingia chumba cha zege na Shaked. Wakahesabu kumi na tano. Kimya. Wakahesabu tena. Kimya. Geula alihisi jasho likimtambaa mgongoni kama mdudu.

"Mbona hakuna kitu?" alinong'ona.

"Labda tumeshakufa," Zohara akasema. "Lakini goti langu linauma, kwa hiyo bado."

"Mama, si mchezo."

"Nani anacheza? Kubbe zangu za nyama zinaungua jikoni. Mbinguni hakuna harufu ya kubbe zilizoungua, mwanangu. Fungua mlango."

Geula hakufungua mpaka nusu saa ikapita. Nje hapakuwa na kitu, ila mstari wa moshi mwembamba kama uzi ulioachwa na mshonaji. Na kesho yake, bandani, mayai yote yalikuwa na ganda.

Taratibu akaupenda ule ukimya. Miezi minne kuku walitaga vizuri, Shaked akaacha kulowesha kitanda.

Aliyeleta wingu ni Wahib. Huyu ni dereva wa lori la mayai, wa jamii ya Wadruzi wa kijiji cha chini, mtu wa masharubu na utani, na mpwa wake alikuwa mmoja wa askari wa pale kilimani.

"Dada Geula, leo umetoa trei ngapi? Kuku wako wameolewa nini, mbona wana raha?"

"Ni Tochi. Haipigi kelele."

"Ehe, Tochi nzuri." Wahib alifunga kamba ya lori, akatazama anga. "Tuombe tu isije ukungu. Mpwa wangu anasema ule mwale ukikuta wingu unakuwa kama mimi bila miwani."

"Una maana gani?"

"Haupenyi, dada. Basi wanarudi kwenye makombora ya zamani. Usinikazie macho hivyo, ya zamani nayo yanafanya kazi."

Alikwenda zake. Geula akabaki ameshika trei tupu. Toka siku hiyo ndipo alipoanza kutoka barazani kabla ya kahawa.

Kiangazi kilichobaki hakikuwa na wingu, kwa hiyo alipumua. Lakini vuli ilipoingia, akawa na sheria zake mwenyewe ambazo hakumsimulia mtu. Siku ya wingu Shaked haendi chekechea. Siku ya wingu haogeshwi mpaka baba yake awe nyumbani. Siku ya buluu, ruksa: acheze uani, aje bandani. Na siku ya buluu king'ora kikilia, Geula mwenyewe hakukimbia tena kama zamani. Alimaliza safu ya mayai aliyokuwa nayo mkononi, kisha akatembea. Tochi inaona, alijiambia. Leo inaona.

Mwalimu wa chekechea alimpigia simu Asael. Asael akarudi kutoka shambani na matope yaliyokauka kwenye suruali, akasimama mlangoni.

"Mtoto kakosa siku sita. Ni mgonjwa?"

"Kulikuwa na mawingu."

"Mawingu?" Asael alicheka, kisha akaona uso wa mkewe, kicheko kikamfia. "Geula. Bwawa limebaki tope. Serikali imetukatia maji nusu. Miti aliyopanda marehemu baba inakauka nikiitazama. Mimi naota mawingu ya mvua, wewe unamficha mtoto yasimwone?"

"Miti itapandwa mingine."

Alijua limemponyoka neno baya. Asael alikwenda kuosha mikono kwa maji yale kidogo, akaiosha muda mrefu.

Mwezi wa pili wa vuli bila tone, wazee wakatangaza mfungo wa mvua. Kijiji kizima kilifunga, na alasiri kikakusanyika sinagogi. Wanawake walikaa nyuma ya pazia, njaa ikiwanukisha midomo. Mbele, msomaji aliomba kwa sauti iliyopasuka: mvua ya baraka wala si ya laana, ya uhai wala si ya mauti. Kila aliposhusha sauti, ukumbi ulitetemeka: Amina.

Geula alifungua mdomo. Amina haikutoka. Aliliona wingu likija jeusi, likimfunika jicho yule mlinzi wa kilimani. Akawawaza pia wanawake wa upande wa pili wa mlima, ambao ndege za kivita zikipita kwao hawana tochi wala kibanda, wala hawajui watazame wapi. Hakujua mawazo hayo ayapeleke wapi. Akafunga mdomo. Pembeni yake Zohara alisema amina saba, nane, kwa nguvu, mpaka mate yakaruka.

Njiani kurudi, bibi yule alimshika mkono kwa ajili ya goti lake.

"Nimekuona," akasema.

"Umeona nini, mama?"

"Ulikuwa kama samaki. Unafungua, unafunga, hakitoki kitu."

"Naogopa."

"Nani asiyeogopa? Mie nimeogopa tangu enzi za babu yako. Lakini mwanangu, wewe umechukua hofu yako yote umeitia kwenye wingu. Kwingine umebakiza nini?"

Geula hakumwelewa. Alidhani ni maneno ya mtu mwenye njaa.

Ikaja Jumanne. Anga ilikuwa safi kama sahani iliyosuguliwa, hata milima ya mbali ilionekana na nyufa zake. Geula alimchukua Shaked bandani bila wasiwasi. Mtoto alikuwa na kazi yake: kupanga mayai ya rangi ya kahawia peke yake, meupe peke yake, na kuyapa majina yale yenye vidoa.

"Huyu ni Bibi Zohara," alisema. "Ana madoa mkononi."

"Usimwambie, atakukimbiza."

"Hawezi. Goti."

Walikuwa bado wanacheka king'ora kilipolia.

Shaked aliliacha yai, akageuka, akakimbia. Ndivyo alivyofundishwa chekechea, ndivyo walivyofundishwa wote. Kutoka mlango wa banda hadi kibanda cha zege ni hatua thelathini za mtoto, unapita chini ya tangi la maji. Miguu yake ilikuwa ikipiga vumbi, *pa pa pa*.

Geula alikuwa na trei mkononi, imebaki safu moja ijae. Akatazama mlangoni, akaona buluu. Yai la "Bibi Zohara" lilikuwa linabingirika kuelekea ukingoni mwa meza.

"Shaked!" aliita, kwa sauti ile ile ya kumwita mezani. "Mwanangu, usikimbie, utaanguka! Ningoje, tunaenda wote!"

Na mtoto, kwa kuwa ni mtoto mtiifu, akasimama.

Alisimama katikati ya ua, chini ya tangi, akageuka kumngoja mama yake.

Juu kulisikika kitu kama kibiriti kinachowashwa. Tochi ilikuwa imepiga. Geula alikisikia akatabasamu, kweli alitabasamu, na lile tabasamu alikuja kulichukia kuliko jambo lolote alilowahi kufanya. Maana baada ya kibiriti kukaja mluzi mzito, unaoshuka. Akaona kivuli kimepita ardhini. Kisha chuma kikagonga chuma, banda zima likaruka, trei ikamtoka, kuku elfu tatu wakapiga kelele kwa koo moja, na mlango ukajaa vumbi jeupe asione kitu.

"Shaked!"

Kimya.

Ukimya ule alioupenda miezi minne. Sasa ulikuwa na kina. Alikimbia ndani ya vumbi, mikono mbele kama kipofu, akiita, na sauti haikuwa yake. Mguu ukakanyaga tope. Tope, katika ua uliokauka tangu kiangazi. Akasikia maji yakimwagika.

Tangi lilikuwa limepasuliwa tumbo. Kipande cha chuma, kirefu kama benchi, kilikuwa kimelala chini kikitoa mvuke. Hatua mbili kutoka hapo alisimama Shaked, pale pale alipoambiwa angoje, maji yote ya tangi yakimmwagikia kichwani. Nywele zimemgandia machoni. Midomo ya buluu. Hakulia.

"Nimekungoja," mtoto alisema.

Geula alimpapasa kichwa, shingo, mbavu, kidole kwa kidole, akatafuta damu asiione. Hapo ndipo alipoketi topeni na mtoto mapajani. Asael aliwakuta hivyo, na ilibidi awabebe wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

Jioni Wahib alikuja bila lori, akakaa jikoni na masharubu yake yameinama.

"Tochi ilipiga, dada. Baruti iliungulia juu. Bila hivyo ingekuja nzima, na leo hapa pangekuwa na msiba."

"Chuma kina uzito, Wahib."

"Kina uzito," alikubali. "Hilo sikukuambia. Nilidhani unajua."

Alikuwa akijua. Kila mtu anajua. Karatasi imebandikwa hadi dukani: hata kukiwa na ulinzi, ingia ndani, kaa dakika kumi. Geula alijua hayo toka utotoni, akayasahau kwa kutazama mawingu. Zohara hakusema "si nilikuambia." Alimwekea bakuli la kubbe, akamkatia ya kwanza kwa kijiko kama mgonjwa.

Siku nne baadaye wingu likaja. Lilipanda juu ya mlima zito, la rangi ya risasi, likakaa. Sinagogini asubuhi ile, msomaji alipofika kwenye mvua, Geula alisema amina. Ilitoka ndogo, yenye kutetemeka. Hofu ilikuwepo bado, tena zaidi. Ila sasa ilikuwa hofu ya anga yote, na hakuwa na sababu ya kuwanyima wenzake maji. Zohara alimfinya paja bila kumtazama.

Kesho yake, kabla ya chekechea, Geula alimchukua Shaked uani. Tangi jipya lilikuwa halijafika. Matone ya kwanza yalianza kutoboa vumbi.

"Sikiliza," alisema, akachuchumaa macho yao yawe sawa. "King'ora kikilia, unafanya nini?"

"Nakimbia."

"Mimi nikikuita?"

"Nasimama."

"Hapana. Husimami."

Mtoto alimtazama kwa mashaka. "Hata wewe ukiniita?"

"Hata mimi nikikuita. Hata nikilia. Unakimbia mpaka ndani."

"Na wewe?"

"Mimi nakuja nyuma yako. Lakini hugeuki kuangalia."

"Utakasirika?"

"Sitakasirika kamwe."

Wakajaribu. Geula alisimama mlangoni mwa banda, akapiga makofi kuwa ndiyo king'ora. Miguu midogo ikaanza, *pa pa pa*. Akaita, "Shaked!" Mtoto akasita, bega likageuka nusu. "Tena," Geula akasema. Mara ya pili akasita kidogo. Mara ya tatu Geula aliijaza sauti yake yote tamu aliyo nayo, ile ya kitandani, ile ya homa na ya maziwa ya moto.

"Shaked, mwanangu, njoo kwa mama."

Mvua ilikuwa imeshika sasa. Mtoto alipita mahali pa tangi, hakugeuka, akaingia ndani ya zege. Geula alisimama akilowa, anahesabu.