Kamba Niliyofunga Kwenye Mipichi ya Baba

Aibu yangu mimi haina pa kujificha, maana kijijini kwetu Sosiot wote wanaijua, tena waliisikia kwa mdomo wangu mwenyewe, mlango kwa mlango, na sababu yake mtaiona.

Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa mashamba ya chai mpaka alipostaafu, na siku ya kuaga, badala ya kuomba ndama kama mtu mwenye akili (hayo ni maneno ya wenzake wa rika, si yangu), aliomba miche minne ya mipichi, ile miti ya matunda ya Kizungu, akaipanda kwa mstari mbele ya nyumba, akawa anaichunga kama ng'ombe. Wazee hawakumpa nafasi. "Mpishi, mti wako unakamuliwa saa ngapi?" Baba anaendelea kumwagilia. Mwaka wa nne akaona vitumba vya maua, akawaalika watu wote wa kanisa: Jumapili ijayo mje kuona maua, halafu mcheke.

Mimi nilikuwa mbali, napogoa chai, sikujua lolote. Jumamosi nikapewa ruhusa, nikafika nyumbani nikakuta wazazi wamekwenda ng'ambo ya mto kumchukua dada na watoto wake, watalala huko. Nikaitazama ile miti: haina jani hata moja, tawi moja linakwenda huku, lingine linakwenda mbinguni. Maskini baba, nikasema, uzee umemshinda. Na kisu changu cha kupogolea ninacho.

Basi nikafunga kamba toka mti wa kwanza hadi wa nne, kwa sababu kwenye chai tunakata sawasawa mpaka juu panatulia kama maji bakulini, nikaanza, huku najiona nimekuwa nyapara, nina koti na filimbi (mimi nikishika kazi huota macho wazi). Mti wa pili nikaukata chini ya kamba kidogo. Nikashusha kamba. Wa nne nao ukaniponyoka, nikashusha tena, mpaka mipichi yote ikanifika magotini. Matawi nikayapanga jikoni yawe kuni, mama afurahi.

Asubuhi kanisani, walikofikia moja kwa moja toka ng'ambo ya mto, mama akaninong'oneza, "Umeona maua ya baba yako?"

"Maua gani, mama?"

Akanieleza. Mahubiri ya siku ile msiniulize. Njiani baba alitangulia, amevaa koti lake la upishi, watu wote nyuma yake, nami nikawaomba tupitie kisimani, tuimbe wimbo mmoja zaidi, tupumzike. Hakuna aliyenisikia.

Tulipofika, kamba bado ilikuwa imefungwa.

"Loo, Mpishi," mzee mmoja akasema polepole, "ng'ombe wako wote wamechinjwa."

Baba akainama, akagusa vile visiki. "Nani?"

"Ni mimi, baba. Nilitaka kukusaidia." Na machozi yakanitoka, mtu mzima mimi, mbele ya wasichana wote wa kwaya.

Akavizunguka visiki vyote vinne, kimoja kimoja, mpaka nikatamani anichape. Kisha akasema, "Leteni mlango wa zizi la ndama." Akaulaza juu ya visiki viwili vya katikati, akausukuma kwa kiganja. Haukutikisika. "Basi, karibuni mezani," akasema, na mama akaleta chai. Nilipokuwa nimesimama nikigawa vikombe, baba akanitazama. "Kiprono, keti haraka. Hapo ni kichwa chako tu kimepita kamba."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Lakini jioni nilimwona jikoni peke yake, anachagua kuni zangu moja moja, zenye vitumba anazitia kwenye chungu cha maji.

Siku ya nne vikafunguka, vya rangi ya waridi. Baba akanitwika chungu, tukaenda kwa kila mzee aliyewahi kumcheka. Yeye anatoa tawi moja, mimi natoa habari yote toka mwanzo, nisiache hata ile kamba. "Waeleze vizuri," ananiambia, "hawa hawajui kupogoa."

Tangu hapo nikifika nyumbani mama hupokea kisu langoni, ndipo tusalimiane. Visiki vimechipua. Sivigusi hata kwa kidole.