Filamu Aliyoitafsiri Mama Mkwe

Mimi ni Mhehe wa Kalenga, na nyumbani nilikokulia mkwe akija unampokea mzigo, unapiga goti, unamsalimia, kisha mnakaa mnakula. Nilipoolewa na Mnyakyusa na kuhamia Mbeya ndipo nilipojua kwamba kuna wazee ambao mke wa mtoto wao hatakiwi kabisa kuonana nao uso kwa uso. Hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami, hamsemeshi. Wakikutana njiani, anayeingia vichakani ni mke. Mjini wengi wameshaiacha desturi hiyo, na mume wangu aliniambia kabla ya harusi kwamba hayo ni mambo ya zamani. Alisahau kumwambia baba yake.

Kwa miaka mingi haikunisumbua sana, maana mzee alikaa kwake Rungwe nami nikakaa kwangu. Tukienda Krismasi nilishinda jikoni na wanawake wenzangu, nikimsikia kupitia ukutani akisimulia jinsi alivyofanya kazi kwenye migodi ya shaba huko Zambia alipokuwa kijana. Kila Krismasi alisimulia, na kila aliposimulia mama mkwe aliinuka kwenda kutazama sufuria, hata kama sufuria ilikuwa imeshaepuliwa. Niliona, lakini nilidhani amechoka tu kusikia habari zile zile. Hata mimi zilinichosha, na nilikuwa nyuma ya ukuta.

Kisha mzee akaja Mbeya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja lilifungwa bandeji, la pili likawa linasubiri zamu yake, likiona mabaka ya rangi na vivuli tu. Daktari akataka akae karibu na hospitali wiki kadhaa. Akaja kukaa kwetu pamoja na mama mkwe, na mume wangu, ambaye ni dereva wa malori yaendayo Zambia, akapata safari siku ya pili yake. Mpaka leo sijui kama aliipata au aliitafuta.

Hapo nikawa mtoro ndani ya nyumba yangu. Sebule ikawa ya mzee. Mimi nilibaki upande wa jikoni, nyuma ya pazia la mlangoni, nikipitisha sahani kama mtu anayelisha mfungwa, ingawa sikuwa na hakika mfungwa ni yupi. Nikitaka kwenda chumbani ilibidi nizunguke nje nipitie mlango wa mbele, nikohoe, mama mkwe amgeuze mzee atazame dirishani, nami nipite mbio nimejifunika kitenge. Mzee mwenyewe haoni. Nilimwambia hivyo mama mkwe, kwamba sasa tunamkwepa mtu asiyeona. Akanijibu, "Yeye haoni. Wewe unaona." Nilinuna siku nzima. Sisi Wahehe hasira zetu hazihitaji kuamshwa mara mbili.

Jumapili moja mvua ilinyesha kuanzia tulipotoka kanisani. Mume wangu alikuwa ameacha flashi aliyojaziwa filamu mjini, akiwa ameomba za zamani ili wazazi wake wafurahi. Kwa kawaida filamu za vibandani huwa zimeshatafsiriwa, kuna mtu anazungumza Kiswahili juu ya sauti za wenyewe na kuongeza chumvi yake. Hii haikuwa na mtafsiri. Ilikuwa Kiingereza kitupu, filamu ya Kimarekani ya enzi zile za picha nyeusi na nyeupe, ambayo watu wa siku hizi wameipaka rangi kwa kompyuta.

Waliopaka walikuwa na haraka. Rangi ya midomo ya yule mama wa kwenye filamu ilichelewa kumfuata kila alipogeuza uso. Sofa lilikuwa la kijani, na kijani chenyewe kilimwagikia mpaka kwenye suruali ya aliyelikalia. Meno ya watu wote yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

"Wanasema nini?" mzee akauliza.

Mama mkwe hajui Kiingereza. Mimi nakifundisha sekondari. Lakini siruhusiwi kuzungumza na mzee, kwa hiyo mama mkwe akavuta kiti chake mpaka kwenye pazia. Nikawa namnong'oneza sikioni kwa Kiswahili, na yeye anamgeukia mzee na kumtangazia kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya kushindana na mvua juu ya mabati. Kinyakyusa changu ni cha kusikia tu, lakini cha kusikia kinatosha.

Kisa kilikuwa hiki. Kijana mmoja amepata kazi kwa tajiri asiyependa kuajiri wanaume wenye wake, kwa hiyo amesema hajaoa. Mke wake anamfuata bila taarifa. Kijana, kwa kuogopa kufukuzwa, anamtambulisha kwa tajiri kama mfanyakazi wa ndani, na tajiri anampenda huyo mfanyakazi hapo hapo. Ni upuuzi mtupu, na nilicheka mpaka nikaisokomeza ncha ya kitenge mdomoni nisisikike.

Mwanzoni mama mkwe alitafsiri vizuri. Mzee akasikia habari ya kijana aliyemficha mke, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ana akili huyo," akasema. "Kazi ni kazi."

Nikamnong'oneza kilichofuata, kwamba mke amefika kwa teksi, amevaa koti la manyoya, amebeba boksi la kofia.

"Mke amefika," mama mkwe akamwambia mzee. "Amekuja na lori la mbao. Ana mkungu wa ndizi kichwani."

Nilidhani anamrahisishia mzee mambo, maana boksi la kofia utamweleza nini mtu wa Rungwe. Hata hivyo ualimu uliniwasha. Huwa nawakata wanafunzi alama kwa makosa madogo kuliko mkungu mzima wa ndizi.

"Hicho cha kijani ni nini?" mzee akauliza, akikaza lile jicho lake bovu.

"Migomba," mama mkwe akasema.

Lilikuwa sofa.

Nikaendelea. Nikamwambia kwamba sasa mume anadai huyu ni mfanyakazi wa ndani, na tajiri anamkaribisha acheze muziki. Mama mkwe hakunisubiri hata nimalize.

"Mke amefika kwenye geti la mgodi," akamwambia mzee. "Amemtaja mume wake kwa jina. Karani anacheka. Anasema huyo mtu tunamjua, anakaa na wasio na wake. Hajaoa."

Nilichungulia kupitia pembe ya pazia nione kama kuna kitu kimenipita. Hapakuwa na geti. Hapakuwa na mgodi. Tajiri mwenye suruali ya kijani alikuwa anazungushana na yule mama, wote wawili wanacheka kwa meno yao ya chai. Ndipo ikaniingia akilini, zile Krismasi zote na zile sufuria zilizokuwa zimeshaepuliwa. Nikaona aibu kwa kucheka kwangu kote.

Baba mkwe hakuwa anatikisa kichwa tena.

"Kwani kuna mgodi kwenye filamu hiyo?" akauliza.

"Upo," mama mkwe akasema.

Mvua ilipiga mabati. Mzee akakohoa, akageuza uso wake wenye bandeji upande wa pazia, na akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu niolewe. Alinisemesha, tena kwa Kiswahili.

"Wewe mwalimu uliye huko nyuma. Filamu inasema hivyo kweli?"

Sikujua la kwanza lipi, kama ni kukimbia au kujibu. Mkono wa mama mkwe ukapenya pembeni mwa pazia ukanishika kifundo cha mkono. Hakunibana. Alinishika tu, na kiganja chake kilikuwa na jasho, kwenye baridi ile ya Mbeya. Nilijua kwamba nikisema hapana mzee atacheka, atasema mke wake amezeeka anaota mchana, na jambo lile litarudi lilikokuwa. Mama mkwe hatapata tena filamu nyingine ya kulisemea. Labda atakufa nalo.

"Ndivyo inavyosema, baba," nikajibu.

Basi hilo ndilo neno langu la kwanza kwa baba mkwe wangu, na lilikuwa uongo. Sijawahi kulijutia.

Kwenye televisheni tajiri alipiga goti kumchumbia mfanyakazi wa ndani, na hakuna aliyeuliza anasema nini. Mzee alipozungumza tena alirudi kwenye Kinyakyusa, polepole, nami nikakisikia chote.

"Kumbe ulikuja."

"Nilikuja."

"Siku hiyo ulilala wapi?"

"Kanisani, kwenye benchi. Zile ndizi niliwapa watoto wa mchungaji. Asubuhi nikapata lori la kurudi."

"Waliokuwa na wake hawakupewa kazi mwaka ule," mzee akasema. "Walirudishwa makwao. Nilikusudia kukuambia." Kisha akasema, "Mbona wewe hukuniambia? Umri wote huu?"

"Ningekuambia kama nani wako?" mama mkwe akauliza. "Karani alisema huna mke."

Nilitaka kuondoka, maana hayo hayakuwa mazungumzo ya kusikilizwa na mkwe wa desturi yoyote ile, ya Rungwe wala ya Kalenga. Lakini mama mkwe alikuwa bado ameushika mkono wangu. Mzee alipapasa hewani upande wa kiti cha mke wake mpaka akaupata mguu wake, akauwekea kiganja juu ya goti.

"Pole, mama," akasema.

Hapa kwetu mtu akipewa pole hujibu upesi kwamba ameshapoa, hata kama damu bado inamtoka. Nilingoja nimsikie mama mkwe akijibu hivyo, kwa sababu ni mtu wa adabu, hana siku aliyoacha salamu ya mtu ianguke chini. Akauachia mkono wangu. Akajiweka sawa kwenye kiti, akapunguza sauti ya televisheni kwa rimoti.

"Bado," akasema. "Sema tena."

Niliinjika maziwa ya chai ya jioni. Mpaka yanafura nikayaepua, nikamimina kwenye chupa na kuanza kuosha vikombe, baba mkwe alikuwa bado anasema.