Maduara ya Njia ya Mnadani

Sisi tuliokulia Singida enzi za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulikuwa na sheria moja ambayo hata mwenyekiti wa kijiji hakuthubutu kuivunja: bonge la mavi ya ng'ombe likishachorewa duara, lina mwenyewe. Ulichora kwa kijiti, ukaenda zako kuleta debe, ukirudi unalikuta palepale. Watoto wa leo wanafunga simu kwa nywila na bado wanaibiwa.

Kwetu hatukuwa na ng'ombe hata mmoja. Siku za mnada wa Ikungi mifugo ilipita karibu na nyumbani tangu asubuhi, vumbi limetanda, nasi nyuma yake, mimi na mdogo wangu Zaina, tumevaa mashati ya mitumba yanayofika magotini. Vidole vilinuka mpaka wakati wa kumega ugali na mlenda. Hatukujali.

Aliyetutuma ni mama. Mbolea ya mfuko ilikuwa imepanda bei mpaka baba akaacha hata kuiulizia. Mama akakumbuka aliyoyaona kwa dada yake kule Kiomboi: unachimba mashimo wakati wa kiangazi, unatia samadi, mvua ikija maji yanatuama humo badala ya kukimbilia bondeni. Majirani walicheka wakashika mbavu. "Mama Hadija, unamzika nani?" Naye bila kuinua kichwa, "Naizika njaa, karibuni msibani."

Mwaka wa kwanza tuliaibika. Tulitia samadi mbichi, miche ya mahindi ikaungua yote. Baba akatamka mbele yetu, "Mama Hadija, mwakani yakifa tena, shamba lile narudisha uwele. Mahindi nisiyasikie tena humu ndani." Sisemi uwele ni mbaya, umetulea. Lakini lile ndilo shamba pekee ambalo mama aliamua mwenyewe kitakachopandwa.

Kiangazi kilichofuata aliirundika samadi nyuma ya jiko, akaifunika nyasi, akawa anaimwagia maji aliyosuuzia vyombo ili ioze vizuri. Baba alipita pale ameziba pua. Tatizo rundo lilikuwa dogo. Mnada uliangukia siku za shule, na tulipotoka darasani wenzetu wa upande wa pili wa njia, wasiokwenda shule, walikuwa wameshazoa kila kitu. Mama alikuwa akilitazama lile rundo, kisha anayatazama mashimo yake, anaguna tu.

Basi siku moja tumetoka shule, tumeshakata tamaa, tukakuta njia nzima ina maduara. Makubwa, yamechimbika, si ya kijiti cha mtoto. Kila bonge na duara lake, na hakuna aliyethubutu kugusa. Zaina akainama, akasema, "Dada, hii ni fimbo ya baba." Kweli, asubuhi ile baba alikuwa amekwenda mnadani. Tulizoa mpaka jua likazama. Mama alipoambiwa alicheka hadi machozi. "Baba yenu huyo, haombi radhi kwa mdomo."

Kila siku ya mnada ikawa hivyo, na rundo likafika usawa wa dirisha. Februari mvua ilipokata kama kawaida yake, mahindi ya majirani yalijikunja majani, ya mama yakasimama. Jioni tulipochoma ya kwanza, baba alitafuna hindi zima, akafuta midomo, akasema, "Mashimo ya mwakani nitachimba mimi." Nilimpenda baba siku ile kuliko siku zote.

Wazee wote wawili sasa wamelala kando ya shamba lile. Majuzi nilipita njia ya mnadani. Pikipiki zinapita juu ya samadi, na vijana wamekaa kivulini wameziba masikio kwa muziki, wanalalamika udongo umechoka. Nikachukua kijiti, nikachora duara kwenye bonge moja, nikasimama pembeni kungoja kama yupo atakayekumbuka. Wakalitazama, wakanitazama na mimi. Hakuna aliyejua kwamba bonge lile sasa lina mwenyewe.