Mshale Ambao Sikuugeuza

Siku yangu ya kwanza kazini sikujua hata mpira wa kikapu unachezwa na watu wangapi. Nilikuwa karani wa shule moja mjini Tororo. Nilipiga chapa barua za mwalimu mkuu na kuandika majina ya wanafunzi kwenye rejista. Jumamosi moja Katibu wa Ligi, mzee mwembamba aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, aliingia ofisini akitafuta mtu wa kuandika alama kwa sababu mwandishi wake alikuwa mgonjwa. Alifungua rejista yangu, akautazama mwandiko kwa muda.

"Nani anaandika hii?"

Nikasema ni mimi.

"Basi leo utakaa mezani. Beba kalamu mbili, nyekundu na nyeusi. Na usishangilie."

Nikazibeba. Sikushangilia siku ile, wala sikushangilia miaka yote iliyofuata, ingawa ziko siku nilijiuma ulimi. Meza haina timu. Nyinyi mnaoanza kazi hii sasa, mnaopiga picha na wachezaji kabla ya mechi mkiwa mmevaa fulana za maofisa, nawaambia wazi kwamba mnaniudhi. Mniwie radhi, nimechoka, na mtu aliyechoka husema kilichomjaa.

Katibu alinifundisha karatasi ya alama kama mtu anayemfundisha mtoto kushona kifungo. Kalamu nyekundu ni ya robo ya kwanza na ya tatu, nyeusi ni ya robo ya pili na ya nne, ili atakayeisoma karatasi hata baada ya mwaka aone mchezo ulivyokwenda. Kikapu kilichofungwa kutoka mbali, cha alama tatu, unaizungushia kiduara namba ya mfungaji. Faulo ya tano unainua kibao na mchezaji anatoka, hata akilia. Wengi walilia. Mmoja alinitemea mate kwenye kiatu, na leo hii ni diwani, tunasalimiana vizuri.

Kilichonisumbua zaidi ni mshale. Wachezaji wawili wakiukamata mpira pamoja na asiwepo anayeachia, refa hupuliza filimbi na kuinua vidole gumba vyote viwili. Mpira hurushwa juu mara moja tu, mwanzoni mwa mchezo. Baada ya hapo timu hupokezana zamu, na mezani huwekwa mshale unaoelekea kikapu kinachoshambuliwa na timu yenye zamu. Zamu ikitumika, mwandishi anaugeuza. Lakini baada ya mapumziko marefu ya katikati timu hubadilishana vikapu. Hapo mshale lazima ugeuzwe hata kama hakuna aliyegusa mpira, la sivyo utakuwa unaionyesha timu nyingine. Kazi hiyo hufanywa mbele ya macho ya marefa wote wawili.

Katibu aliniongezea mbinu ambayo haimo kwenye kitabu cha sheria. Kila zamu inapotumika, niandike herufi ya kwanza ya timu kwa penseli, ndogo sana, kwenye ukingo wa karatasi. Herufi zikipishana, niko sawa. Zikifuatana mbili za timu moja, kuna mahali nimekosea. Nimefanya hivyo maisha yangu yote ya kazi, na sijakutana na mwandishi mwingine anayefanya.

Baada ya Tororo nilihamishiwa Malaba, halafu Busia, upande huu wa mpaka na upande wa pili. Mratibu wa Michezo wa upande wa Kenya alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku niliyochelewa mara ya kwanza alinipokea langoni. "Mama, huko kwenu mnaanza mechi watu wakishafika. Hapa kwetu tunaanza saa ikifika. Nimeeleweka?" Alieleweka. Nilimwogopa na nikampenda, kwa sababu wakati wake hakuna kocha aliyethubutu kuinamia karatasi yangu.

Nilivuka mpaka nikiwa na mkoba wa karatasi na ule mshale wa mbao, uliochongwa na seremala wa Malaba na kupakwa rangi nyekundu upande mmoja. Afisa wa forodha aliwahi kuutoa mkobani akaugeuzageuza. "Mama, hii ni silaha ya wapi?" Foleni nzima ikacheka. Nilimweleza sheria yote ya zamu tangu mwanzo, na tangu siku ile kila akiniona alinipungia mkono nipite upesi nisije nikaanza tena.

Kazi hii hula mgongo. Mtu anayekutazama umekaa kwenye benchi kivulini hudhani unapumzika. Jaribu kukaa mechi sita bila kuinua macho, vumbi likiingia kwenye kalamu, makocha wawili wakikupigia kelele masikio yote mawili. Miaka ya mwisho macho yangu yalianza kuzichanganya namba sita na nane za jezi. Nilipaswa kuacha wakati huo. Sikuacha, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuitwa Madamu wa Meza, na nyumbani hakuna anayeniita hivyo.

Sasa niwaeleze wikendi yangu ya mwisho.

Yalikuwa mashindano ya vijana chini ya miaka kumi na minane, Jumamosi na Jumapili, kwenye uwanja wa saruji wa shule moja Busia, upande wa Uganda. Mwandishi wa pili hakutokea, hivyo mechi zote niliandika mimi. Saa ilitunzwa na Mwalimu Opio wa Buteba, mtu wa hesabu na mcheshi. Jumapili alasiri wasichana wa kijiji cha Sop Sop waliingia fainali dhidi ya wasichana wa Busia ya Kenya.

Wa Sop Sop walikuwa na jozi saba za viatu kwa wachezaji kumi. Anayeingia alivaa viatu vya anayetoka, na refa aliwasubiri wafunge kamba. Nahodha wao, Athieno, alikuwa msichana wa miguu mirefu aliyemaliza kidato cha nne na kubaki nyumbani. Shule moja ya Jinja ilikuwa imetangaza kwamba mwalimu wake wa michezo angekwenda Mbale mwezi uliofuata kuchagua wasichana wa kuwasomesha kwa ajili ya mpira. Bingwa wa wikendi hii ndiye angekwenda Mbale. Mwaka ujao Athieno angekuwa amepita umri. Sote tulilijua hilo kwa sababu kocha wake, Mama Nyaketcho, hakuacha kulisema tangu Jumamosi asubuhi.

Mapumziko ya katikati yalipofika nilivua viatu. Mwalimu Opio akaniletea kikombe cha uji wa wimbi. Marefa walipaswa kuja mezani kuona mshale ukigeuzwa, lakini nao walikuwa wamekimbia tangu asubuhi, wakaenda kivulini na chupa zao za maji. Nilikunywa uji nusu, nikafumba macho kidogo. Nilipoyafumbua timu zilikuwa zimeshasimama uwanjani na refa ananitazama. Nikatia mguu kwenye kiatu kimoja, nikachukua kalamu nyekundu.

Robo ya tatu huanza kwa mpira wa kurushwa kutoka nje, na mshale ndio unaosema ni wa nani. Ulionyesha Busia, wakapewa Busia. Niliandika herufi yangu ya penseli bila kutazama iliyotangulia, nikageuza mshale, mchezo ukaendelea. Kuanzia hapo kila zamu ilikwenda kwa timu isiyo yake, nami nilikaa pale nikiona kila kitu kiko sawa.

Zilibaki sekunde kumi na moja. Sop Sop walikuwa mbele, arobaini na moja kwa arobaini. Athieno na msichana wa Busia mwenye jezi namba tisa waliukumbatia mpira pamoja wakaanguka nao. Filimbi ikalia, vidole gumba vikainuliwa. Refa akatazama meza, nikaunyosha mkono kwenye mshale: Busia.

Athieno alinijia akihema. "Madamu, hii zamu ni yetu. Mimi nahesabu toka mwanzo. Angalia tena."

"Rudi uwanjani," nikamwambia. "Meza haikosei."

"Madamu, tafadhali..."

Refa akamwambia akiongeza neno moja atampa faulo ya utovu wa nidhamu. Akarudi. Busia walirusha mpira, ukamfikia namba tisa, akaugongesha kwenye ubao ukaingia. Kengele ya Mwalimu Opio ikalia watu wakiwa wameshavamia uwanja.

Nilipiga mistari ya kufunga karatasi kama kawaida, nikajumlisha, nikateremsha macho hadi ukingoni. Herufi ya mwisho ya nusu ya kwanza ilikuwa B. Herufi ya kwanza ya nusu ya pili ilikuwa B. Nilikaa nikizitazama herufi hizo mbili huku nikisikia wasichana wa Busia wakiimba nyuma yangu.

Hakuna mtu mwingine aliyezijua herufi zile. Kifutio kilikuwa mkobani. Sitawadanganya, nilikitoa, nikakishika mkononi kwa muda ambao naona aibu kuutaja.

Mwamuzi Mkuu, mkubwa wa wale marefa wawili, alipokuja kutia sahihi nilimwonyesha. Ni mtu mpole, aliyewahi kuchezea timu ya jeshi. Alisoma, akakuna kidevu.

"Mama, mpira ukisharushwa na kuguswa uwanjani, kosa hilo halisahihishwi. Unaijua sheria kuliko mimi."

"Naijua."

"Sasa kwa nini umenionyesha?"

Nikamsogezea kalamu. Akatia sahihi. Kamishna wa Mashindano, aliyekuwa na haraka ya kukabidhi kombe, alinivuta pembeni. "Ukienda kuwaambia hao wasichana, wazazi wao watapindua hii meza. Nenda nyumbani, mama. Umechoka."

Hapo alisema kweli. Lakini niliwafuata nyuma ya madarasa, walikokuwa wakitia viatu kwenye gunia wakisubiri pikapu ya kuwarudisha. Niliwaeleza nikiwa nimesimama, yote, tangu uji mpaka herufi. Mama Nyaketcho alishika kiuno.

"Yawa! Madamu, wewe nakuja kutuambia sasa? Hawa watoto nalima asubuhi, jioni nakimbia kwa vumbi, halafu wewe nalala kwa meza?"

"Ndiyo," nikasema.

Aligeuka akatazama barabara. Wasichana wengine walinikodolea macho. Athieno alikuwa akifunga kamba za jozi ya mwisho pamoja, ili isipotee guniani.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia. "Sikuona."

"Mimi nilikuambia, Madamu."

Hakusema kwa hasira. Kama angenipigia kelele ningefarijika. Alitia viatu kwenye gunia, akalifunga, akamsaidia kocha wake kulibeba.

Jumatatu niliandika barua ya kuacha kazi. Katibu wa Ligi wa sasa, kijana wa tai na simu mbili, alitaka tufanye sherehe ya kuniaga, na keki. Nikamwambia asijisumbue. Niliandika na barua nyingine, kwa yule mwalimu wa Jinja, nikamweleza kosa langu na kumwomba amtazame Athieno hata bila Mbale. Alijibu kwa heshima kwamba nafasi zimejaa. Mojawapo alipewa yule namba tisa wa Busia. Naambiwa anasoma vizuri, na sina kinyongo naye, mpira alipewa akafunga.

Nilikwenda Sop Sop mara moja, wakati wa kupanda karanga. Athieno alitoka shambani na mama yake, akaniletea kiti na maji ya kunywa. Tulizungumza kuhusu mvua. Hakuutaja mpira, nami sikuthubutu kuutaja. Alinisindikiza hadi njia ya bodaboda, akaniagiza niwasalimie wa nyumbani, akarudi kwenye jembe lake.

Watu wa ligi wananifariji. Wanasema nilikuwa nimekaa kwenye benchi siku mbili, kwamba marefa nao hawakuja mezani, kwamba mtu yeyote angesahau. Ni kweli, na nimeshajisamehe kusinzia. Mwili wa mtu mzima huchoka. Nisichoweza kukiweka chini ni kile kilichofuata, msichana aliposimama mbele yangu akaomba nitazame tena. Nyinyi mtakaokaa pale, mkumbuke kwamba refa akipuliza filimbi mtunza saa huizuia saa. Mwalimu Opio alikuwa ameshaizuia. Sekunde zile kumi na moja zilikuwa hazisogei, zingenisubiri nihesabu mara mbili, mara tatu, hata nimalizie na uji wangu. Saa ilikuwa imesimama, nami nikamwambia mtoto wa watu arudi uwanjani.