Waje Wenyewe Wanitoe

Nilimchukia mtume Paulo miaka mingi kabla ya kumjua. Namna misioneri wetu alivyomleta kanisani, Paulo alikuwa kama kapita wa Wazungu, mtu wa kutusukuma kazini. Watumwa watii mabwana. Wanawake wanyamaze. Mwenye mamlaka amewekwa na Mungu. Kila mara kampani ya reli ilipoongeza saa za kazi, au Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, ilipotoa amri mpya, Jumapili iliyofuata tulijua ni Paulo atakayepandishwa mimbarini. Nilikaa kwenye benchi la wanawake, mtoto mgongoni, nimeuma meno.

Mume wangu ndiye aliyempenda. Alizaliwa kando ya Lualaba, upande wa Mulongo, akajifunza kusoma Kiluba hukohuko, kisha akaifuata reli mpaka Kamina. Kazi yake pale gare, kituo cha treni, ilikuwa kugeuza njia za treni: treni ya Bukama ipite huku, mabehewa ya mizigo yaende kule. Jumapili alasiri alikuwa mwalimu wa dini. Katika kambi ya wafanyakazi wa reli tulikuwa watu wa kila upande, na wengi hawakujua Kiluba, kwa hiyo alisoma kwa Kiluba kisha akasimulia kwa Kiswahili. Alimsimulia Paulo tangu mwanzo: jinsi alivyowawinda Wakristo, akaangushwa njiani karibu na Damasko, akakaa kipofu siku tatu, jinsi alivyoshona mahema ili asimlemee mtu, jinsi alivyopigwa mawe akaburutwa nje ya mji, wakadhani amekufa, naye akaamka akarudi katika mji uleule. Misioneri hakuwahi kutusimulia hayo. Yeye alianzia kwenye barua, na hata katika barua alichagua mistari.

Mwaka yalipotokea haya nilikuwa na watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya. Siku hiyo behewa lilifunguliwa pale gare, na marobota mawili ya nguo hayakuwemo. Mzungu wa gare hakuuliza mara mbili. Mume wangu ndiye aliyekuwa zamu, basi mwizi amepatikana. Polisi wakamchukua na kofia yake ya kazi kichwani.

Hakuna aliyemhukumu. Hakuna hata aliyemuuliza neno. Kesho yake asubuhi, bendera ilipokwisha kupandishwa mbele ya ofisi ya Leta, walimlaza kifudifudi, wakamteremsha suruali, mwalimu wa dini, mbele ya watu aliowafundisha, na polisi mmoja akamchapa kwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Sisi wa kambi tuliitwa tuangalie. Niliangalia. Sikufumba macho hata mara moja, kwa sababu nilitaka kuzikumbuka nyuso zao. Mzungu wa gare alisimama na mikono mfukoni. Mkubwa wa Leta alitazama saa yake.

Siku ya nne ikaja telegramu kutoka Bukama. Marobota yalikuwa kulekule. Hayakuwahi kupakiwa.

Adhuhuri, yule polisi aliyempiga alikuja mlangoni kwangu. Alikuwa mtu wa mbali, Mkatoliki, na nilipomwona nilishika mchi wa kinu. Hakukaribia.

"Mama," alisema, "kuja umuambie bwana yako atoke. Mulango iko wazi tangu asubuyi. Anakatala."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda mbio.

Mlango wa gereza kweli ulikuwa wazi. Mume wangu alilala kwa tumbo juu ya mkeka, shati limegandamana na mgongo. Kando yake palikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Polisi ndiye aliyelileta, niliambiwa baadaye, na alimwosha mwenyewe.

"Baba batoto, simama twende," nilimwambia.

"Siendi."

"Banasema hauna kosa!"

"Banasema kwa nani? Banasema kwa polisi, kwa sauti ya chini. Kunipiga, balinipiga mbele ya bantu bote. Sasa banataka nitoke kimya kama muizi. Paulo alifanya nini kule Filipi?"

Nilijua alichofanya Paulo kule Filipi, alikwisha kutusimulia. Paulo na Sila walipigwa hadharani bila hukumu, wakafungwa miguu kwenye gogo. Asubuhi wakubwa wa mji wakatuma askari: waacheni watu wale waende zao. Paulo akakataa. Walitupiga mbele ya watu, alisema, na sasa wanatutoa kwa siri? Waje wenyewe watutoe. Na wakubwa wakaja, wakawabembeleza.

"Paulo hakukuwa na bibi," nilisema. "Hakukuwa na batoto bane. Nyumba ya Paulo haikukuwa ya kampani!"

Aligeuza uso ukutani. "Njo vile," alisema. "Lakini miye sitoki."

Nilimwacha pale. Nilikwenda moja kwa moja kwa misioneri, kwa sababu yeye ndiye aliyemleta Paulo kwetu, na nilidhani yeye ndiye angeweza kusema na mkubwa wa Leta, Mzungu kwa Mzungu. Alikuwa barazani anakunywa kahawa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikaribisha kiti. Nilipotaja Filipi, alitabasamu kidogo, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto.

"Mama," alisema, "Paulo alikuwa raia wa Roma. Sheria ya Roma ilikataza kumpiga raia bila hukumu. Ndiyo maana wale wakubwa waliogopa. Mume wako ni raia wa wapi?"

Nilimkaza mtoto mgongoni.

"Mwambie aache kiburi, atoke, amshukuru Mungu," alisema, akarudi kwenye kahawa yake.

Nilikuwa nimefika nusu ya njia, karibu na reli, ndipo nikaelewa. Mtu huyu aliijua sura ile. Aliijua mpaka sheria iliyo ndani yake. Miaka yote alijua kwamba Paulo alisimama mbele ya wakubwa akawaambia mmekosa, na miaka yote alikuwa ameifunika kwa kiganja cha mkono, akatusomea watumwa watii mabwana. Na sisi kutokuwa raia, nani alituamulia? Tulizaliwa hapa. Baba zetu walizikwa hapa kabla reli haijajulikana.

Nilirudi gerezani. Mume wangu aliponiona alijiandaa kwa maneno mengine.

"Usitoke," nilimwambia. "Kaa mupaka bakuje."

Alicheka, na kicheko kikamuumiza mgongo.

Kesho yake nilipeleka bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikakaa chini nje ya gereza badala ya kurudi nyumbani. Mwanamke mmoja wa kambi, mke wa fundi wa mashine za treni, alikuja akakaa pembeni yangu. Baadaye wakawa sita. Siku ya pili tulikuwa wengi kiasi kwamba watu waliopita kwenda sokoni walisimama kuuliza, na kila aliyeuliza tulimwambia: ndani kuna mtu asiye na kosa, mlango wazi, anamngoja aliyempiga aje kumtoa. Hatukupiga kelele. Tuliimba nyimbo za kanisani, zilezile tulizofundishwa, na hakuna aliyethubutu kutukataza. Polisi walitazama pembeni.

Siku ya tatu mkubwa wa Leta alikuja. Alikuja kwa miguu, uso mwekundu, akapita katikati yetu akasimama mlangoni pa gereza.

"Toka," alisema.

Mume wangu aliinuka polepole. "Ni weye mwenyewe unanitoa?"

"Ni mimi mwenyewe. Toka!"

Hakusema mengine. Hakusema tulikosa, hakusema pole. Mume wangu alivaa kofia yake ya kazi, akatoka kwa mlango wa mbele, na tulitembea naye mchana kweupe kupita ofisi, kupita gare, mpaka kambini. Mzungu wa gare aliingia ndani akafunga dirisha.

Mtu asiseme tulishinda. Wiki hiyohiyo kampani ilimfukuza, na tulipewa siku mbili kuhama nyumba. Misioneri alimvua ualimu kwa sababu ya kiburi. Tulikwenda kwa kaka zangu kwenye njia ya Kabongo, tukalima mihogo kwa jembe, na mgongo wake ulimuuma kila masika, mpaka kuna siku nilimfungia mimi kamba za viatu. Mtoto wetu wa tatu alikufa mwaka wa kwanza pale, mbali na dispensari ya kampani. Simsamehe mtu kwa hilo.

Lakini watu wa kambi walianza kuja. Walitembea kutoka mjini Jumapili, wengine na wake zao, kumwomba asome sura ile. Aliisoma kwa Kiluba na kuisimulia kwa Kiswahili, kama zamani, chini ya paa la jikoni kwetu. Polisi yule alikuja mara moja, bila unifomu, akakaa nyuma.

Mume wangu alipokufa, kanisa lilimkumbuka ghafla. Mhubiri aliyekuja kumzika hakuwa Mzungu, alikuwa kijana wa kwetu, na alisema kwamba marehemu alikuwa mtu mpole, mvumilivu, mtii kwa wakubwa, mfano wa yale aliyoyaandika mtume Paulo.

Nilisimama katikati ya maneno yake. Wanawake wawili walinivuta nguo nikae.

"Unasema uongo," nilimwambia. "Hakukuwa mutii. Muulize mwenye kumupiga, bado anaishi. Fungua kitabu, tafuta habari ya Filipi, usome yote, usiruke kitu."

Kijana alinitazama, akatazama watu. Akafungua kitabu. Akasoma, na nilisimama mpaka alipomaliza.